Gari Haliendi, Gavana Inasingiziwa: Kutafuta Tatizo kwenye Lori Lenye Kidhibiti Mwendo

Dereva akiingia gereji na kusema "fundi, niangalizie gavana, imenibana," humuuliza maswali mawili kabla sijagusa skrubu. Gari linakata kwenye spidi ileile kila mara, au leo 70 kesho 62? Na lilikuwa limebeba nini? Majibu yake ndiyo yanayonionyesha pa kuanzia, na mara nyingi si kwenye gavana, yaani kile kifaa kinachozuia gari lisizidi spidi iliyopangwa. Ni kwenye filta ya dizeli, au kwenye tairi zilizobadilishwa njiani, au kwenye karatasi ya ofisini iliyoandikwa "Dar–Tunduma, saa 12". Hiyo ya mwisho siwezi kuitengeneza kwa spana, lakini nayo nitaifikia.

Nimezipanga dalili kama madereva wanavyozitamka, si kama zilivyo kwenye vitabu vya kiwandani.

Kwanza ujue una gavana gani

Barabarani kwetu kuna za namna tatu. Kwenye injini za zamani zenye pampu isiyo ya umeme, gavana imekaa kwenye njia ya mafuta: spidi ikifika ilipopangwa, solenoidi, yaani vali inayoendeshwa kwa umeme, inabana dizeli. Kwenye magari ambayo pedali ni ya umeme, gavana ni kiboksi kilichowekwa kati ya pedali na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Wewe umekanyaga mpaka chini, chenyewe kinaiambia injini kwamba umekanyaga nusu. Ya tatu haina kiboksi cha kuonekana. Spidi ya mwisho imeandikwa ndani ya kontroli boksi tangu kiwandani, na ndivyo yalivyo malori mengi yaliyotumika Ulaya yakaja huku, kwa sababu kule lori la zaidi ya tani 3.5 hufungwa lisizidi 90. Likishafika Dar au Mombasa na kuongezewa gavana ya 80, gari hilo lina mabwana wawili. Kwa kawaida hawagombani, maana mdogo ndiye anayekata kwanza. Ila ukimwambia fundi "gavana imetolewa lakini bado haliendi", akumbuke kuna mwingine ndani.

Tanzania na Kenya lori kubwa mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Upande wa Tanzania, ukiingia kwenye makazi yenye kibao ni 50, na gavana haijui kibao. Hiyo 50 ni ya mguu wako. Kenya walianza kuvikazania vifaa hivi enzi za Waziri John Michuki, kwa kanuni za 2003 zilizoanza kusimamiwa Februari 2004. Watu wanazikumbuka kwa sababu ya matatu, lakini malori ya zaidi ya kilo 3,048 nayo yalikuwemo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji pesa. Kwenye barabara kuu zetu kuna nguzo za kilomita. Mpe utingo simu yenye saa ya kuhesabu, shika mwendo mmoja pasipo na mlima, apime nguzo hadi nguzo. Kilomita moja kwa sekunde 45 ni 80 kamili. Sekunde 48 ni 75. Sekunde 51 ni 70 na ushei. Ikiwa sekunde 43, uko karibu 84 na unaitafuta tochi ya trafiki ya kupima spidi. Pima nguzo tano mfululizo ndipo uamini, kwa sababu ziko nguzo zilizogongwa zikasimikwa upya popote palipokuwa na udongo laini.

"Linakata kabla ya 80"

Hii ndiyo dalili iliyonifundisha kutobishana na dereva bali kumpa jaribio. Tafuta sehemu tambarare, gari likiwa tupu au na mzigo mwepesi. Panda mpaka gia ya mwisho, angalia linapokata, tuseme 68. Kisha shuka gia moja, upande tena huku macho yakiwa kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Likikata tena kwenye 68 ileile, ni gavana, kwa sababu gavana inajua spidi tu, haijui uko gia gani. Likikata kwenye spidi nyingine lakini mizunguko ni ileile, tatizo liko kwa injini. Na kama halikati popote, linapanda polepole halafu linachoka kama mtu aliyekosa chakula, hilo ni suala la nguvu. Acha gavana, nenda sehemu inayofuata.

Sasa tuseme ni gavana. Mara nyingi chanzo ni tairi. Gavana haipimi barabara. Inahesabu mizunguko inayotoka kwenye gia boksi na kuamini kwamba kila mzunguko wa tairi ni urefu fulani wa lami. Tairi ya 315/80R22.5 ina kimo cha karibu milimita 1,076. Ile ya 295/80R22.5 ina kama 1,044. Ukifunga hizo ndogo kwenye gari lililopimwa kwa 315, kifaa kitasema 80 wakati kweli uko 77 na nusu. Ukiwa na tairi zilizolika mpaka zinakaribia kipara, umepoteza tena asilimia mbili hivi. Jumlisha na mshale wa spidi ambao viwandani huelekezwa kusoma juu kidogo kuliko chini, utapata dereva anayeapa kwamba anabanwa kwenye 80 huku kila basi linampita. Haongopi.

Chanzo cha pili ni upimaji uliofanywa kwa haraka. Fundi alifunga kifaa akakiingizia namba za gari jingine la aina hiyohiyo, bila kuangalia difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Malori mawili yenye jina moja bampani yanaweza kuwa na difu mbili tofauti. Dawa yake ni kupimwa upya na mtu mwenye idhini, na upimaji wa kweli unataka gari litembee. Fundi akikuambia amemaliza na gari halijatoka getini, muulize kwa heshima amepima kwa nini.

Cha tatu kinawachanganya wengi: gari limejibana lenyewe. Malori ya Euro 5 na Euro 6, yaani viwango vya moshi vya Ulaya, yanatumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, na ikiisha, au ikiwekwa maji badala yake, kontroli boksi inapunguza nguvu ya injini kwa makusudi. Euro 6 likipuuzwa kabisa linafika mahali pa kugoma kuzidi 20 kwa saa. Dereva anaona gari limefungwa spidi, anasema gavana imeharibika. Angalia dashibodi. Kama kuna taa ya injini au ya AdBlue, hiyo ndiyo inayozungumza nawe.

"Mlimani linakufa"

Hapa niseme kwa ufupi kwa sababu jibu ni fupi. Kama unapanda mlima wa Kitonga kwa 18 na tani zako, gavana iliyopangwa kwenye 80 haina habari nawe. Inakata juu ya 80, haifanyi lolote chini yake. Anza na filta ya dizeli, hasa kama ulijaza mafuta ya kwenye madumu. Halafu filta ya hewa, halafu mabomba ya turbo. Bomba lililopasuka linapiga mluzi unaoongezeka unapokanyaga. Zima redio usikilize.

Kuna hali moja tu ambapo gavana inahusika na mlima, nayo ni ile ya zamani ya solenoidi kwenye njia ya dizeli. Solenoidi ikiingia uchafu au ikikwama nusu, inabana mafuta muda wote. Utaijua kwa sababu gari litakosa nguvu hata uani, ukipiga resi limesimama.

"Linadunda likifika 80"

Linafika, linakata, linarudi 76, linashika tena kwa kishindo, linakata. Abiria wa kiti cha pembeni anadhani unafanya makusudi. Gavana nzuri inapunguza mafuta taratibu kuanzia kilomita moja au mbili kabla, kama mtu anayefunga bomba la maji. Ile ya bei rahisi inakata kama swichi. Kama limekuwa hivyo tangu lifungwe, ndivyo lilivyozaliwa, na tiba yake ni kubadilisha kifaa. Kwa wakati huo tembea kwenye 77 au 78 bila kukanyaga mpaka chini. Utafika saa ileile na gia boksi yako itakushukuru.

Kama lilikuwa laini halafu likaanza kudunda, fuata umeme. Jiulize: linadunda zaidi usiku taa zikiwaka? Linadunda ukikanyaga breki, taa za tela zinapowaka? Basi ni arthi. Waya ya arthi ya kiboksi imefungwa kwenye boliti yenye kutu, au imechangia na waya za redio, feni na chaja ya simu. Toa, kwangua mpaka chuma king'ae, funga upya. Sitaki kutaja ni gavana ngapi zimebadilishwa bure kwa sababu ya boliti moja.

Msimu wa mvua kuna la ziada: maji. Viboksi vingi vimefichwa chini ya dashibodi upande wa mlango, na utingo anapoosha kibanda kwa mpira wa maji anakiogesha pia. Soketi ikiota ukungu wa kijani umepata jibu.

Na iko hii ya pedali. Pedali ya umeme hutuma taarifa mbili kwa wakati mmoja, kwa kawaida moja ikiwa karibu nusu ya nyingine, ili kontroli boksi ilinganishe. Kiboksi kibovu kikigeuza moja na kusahau ya pili, kontroli boksi inashtuka, inawasha taa ya injini na kukuacha na nguvu ya kujikokota mpaka gereji. Ukizima na kuwasha linapona kwa dakika kumi, kisha linarudia. Fundi mwenye idhini anaweza kuunganisha pedali moja kwa moja kwa majaribio, gari likiwa uani, akaona kama taa inarudi. Akimaliza anarudisha na kupiga sili, ile alama yenye namba inayoonyesha kifaa hakijaguswa. Ninaposema fundi mwenye idhini sisemi wewe na koleo.

"Mshale unasema 80, tochi inasema 84"

Umekula faini ya haki, ingawa hukukusudia. Hii ni ile hadithi ya tairi ikigeuzwa upande wa pili. Gari lilipimwa likiwa na 315/80R22.5, baadaye bosi akapata tairi za 12.00R20 kwa bei nzuri. Kimo chake ni kama milimita 1,125. Gavana yako itakata ikidhani ni 80 na wewe uko kwenye 83 na nusu. Trafiki hapimi tairi, anapima gari. Kila vipimo vya tairi vinapobadilika, gavana ipimwe upya, na gharama hiyo ihesabiwe kwenye bei ya tairi tangu mwanzo. Nimewaambia matajiri wengi hivi. Wanaitikia kwa kichwa.

Simu ya GPS ni shahidi mzuri kwenye mwendo wa kutulia, barabara imenyooka na anga wazi. Si shahidi kwenye kona za milima, wala unapoongeza na kupunguza. Ikitofautiana na mshale kwa kilomita mbili tatu, hiyo ni kawaida. Ikifika tano, rudi kwenye nguzo za barabarani.

"Limepita 80 lenyewe mteremkoni"

Hapa natulia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa.

Gavana inanyima injini mafuta. Haifungi breki. Lori la tani 56, ambazo ndizo mwisho kwa sheria ya mizani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, halihitaji dizeli kuteremka. Linavutwa na uzito wake. Kwa hiyo ukishuka Kitonga na shaba ya kutoka Zambia, au ukiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa kule Kenya, mshale unaweza kwenda 95 huku gavana imekata mafuta yote na haina tena la kufanya. King'ora kinapiga kelele, ripoti ya kifaa cha kufuatilia gari inaandikwa, na ofisini wanauliza gavana ilitolewa na nani. Haikutolewa. Mwambie msimamizi aangalie kwenye ramani mahali tukio lilipoandikwa. Kama ni mteremko, swali si gavana tena, ni gia.

Na gia ndilo tatizo lenyewe. Dereva aliyebanwa kwenye 80 siku nzima anauona mteremko kama zawadi. Anaweka frii, gari linakimbia, anafidia dakika zake, na anaamini ameokoa dizeli. Salgaa imepata jina lake baya kwa tabia hiyo. Hesabu ya dizeli nayo si kweli: injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali, inafunga mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka frii ndipo inapolazimika kunywa ili isizime. Kwa hiyo umetumia mafuta zaidi, umepoteza breki ya injini, na kilichobaki kukushika ni ngoma za breki ambazo zikipata moto hazishiki.

Shika gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Washa breki ya egzosti, au ritada kama gari linayo. Breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, spidi ishuke, uachie ipoe. Usiiegemee njia nzima. Ukisikia harufu ya breki, umechelewa kidogo lakini si sana: simama mahali salama, na usimwage maji kwenye ngoma yenye moto, itapasuka.

"Siwezi kulipita gari jingine"

Malori mawili, yote yana gavana. Lako linakata 80, la mbele 78. Unaona unaweza. Hebu tuhesabu. Urefu wako mita 18, wake 18, nafasi ya kutoka 25 na ya kurudi 25: mita 86 za kumzidi. Kwa tofauti ya kilomita mbili kwa saa, zinakuchukua zaidi ya dakika mbili na nusu, na muda huo umekula kilomita tatu na nusu za barabara ukiwa upande usio wako. Ujerumani, ambako barabara zao kuu zina njia mbili kila upande, wanaziita mbio za ndovu na wanazipigia faini. Sisi tuna njia moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Tofauti ikiwa kilomita 20, yaani yeye yuko 60, unamaliza kwa sekunde 15 na mita kama 350. Lakini hizo ni za kwako tu. Basi linalokuja kwa 80 nalo limekula 350 zake, kwa hiyo unahitaji kuona mita 700 mbele, na akiba juu yake. Zamani dereva aliyekosea hesabu alikuwa na kitu cha mwisho: kukanyaga zaidi. Gavana imekiondoa. Hilo ni badiliko la kweli kwenye kazi yetu na sioni sababu ya kulificha, maana wanaotunga kanuni hulipitia haraka. Ukianza kupita na njiani ukaona haitoshi, njia yako pekee ni kupunguza na kurudi nyuma yake. Amua hivyo mapema. Na wewe unayepitwa, ukiona mwenzako yuko pembeni yako hasongi, toa mguu kwa sekunde tano. Hukupungukiwa kitu.

"Nachelewa, na nasinzia"

Dereva mmoja alikuja akitaka nimwongezee gavana mpaka 90. Sikufanya, lakini nilimkalisha tukahesabu, na hesabu ile nimeitumia mara nyingi baadaye.

Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930. Kwa karatasi, ukienda 80 bila kusimama ni saa 11 na dakika 37. Kwa 90 ni saa 10 na dakika 20. Tofauti, saa moja na robo. Hiyo ndiyo saa anayoililia. Lakini barabara hiyo haikuruhusu kuigusa 80 muda wote. Kuna matuta, kuna vibao vya 50 kwenye kila kijiji, kuna Mikumi na wanyama wake, kuna Kitonga, kuna milima ya Mbeya. Tuseme kwa ukarimu kwamba kilomita 370 tu ndizo za kunyoosha mguu. Hapo tofauti ya 80 na 90 inabaki nusu saa. Nusu saa kwenye safari ya siku tatu. Foleni ya mzani mmoja inaimeza kabla hujanywa chai.

Kwa hiyo saa zilipotelea wapi? Tulichukua kumbukumbu za gari lake tukaona: mizani, kusubiri karatasi, tairi moja, na mpakani alikolala. Wastani wake akiwa anatembea ulikuwa 45. Kilomita 930 kwa 45 ni karibu saa 21 za usukani. Sheria ya Kenya tangu 2012 inasema dereva wa gari la biashara asizidi saa 8 za kuendesha ndani ya saa 24. Ukiitumia kama kipimo cha akili, hata huku Tanzania, hiyo ni safari ya siku tatu. Ofisi yake iligawa 930 kwa 80, ikapata 12, ikaandika "saa 12". Waligeuza spidi ya mwisho kuwa spidi ya wastani. Kosa hilo la kugawanya ndilo linalomfanya dereva aendeshe usiku kucha.

Ukiwa na dalili hii usilete gari gereji, peleka karatasi ofisini. Chukua safari zako tatu za mwisho kwenye kifaa cha kufuatilia gari, andika saa za kutembea na saa za kusimama, na sababu ya kila kusimama. Kisha nenda asubuhi, kabla simu hazijaanza. "Shikamoo bosi. Naomba dakika kumi, nina kitu nataka tukiangalie pamoja." Usianze na gavana. Anza na zile saa za kusimama, kwa sababu zile yeye pia zinamuuma. Kama unalipwa kwa safari na si kwa siku, mweleze wazi kwamba kila saa ya foleni inatoka kwenye usingizi wako. Dizeli iliyookolewa kwa kushuka kutoka 90 mpaka 80 si kidogo, maana nguvu ya upepo unaolizuia gari inapungua kama moja ya tano, na akiba hiyo yote imeingia kwake. Si vibaya sehemu yake irudi kama posho ya kulala njiani.

Usingizi wenyewe una sura mpya kwenye gari lenye gavana. Mguu umekanyaga mpaka chini, sauti ya injini haibadiliki, na kama ni tambarare ya Igawa kwenda Chimala, au Voi kwenda Mtito Andei, hata kona hakuna. Mwili unadhani umelala. Hatari yake kubwa ni kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena mchana baada ya wali. Kahawa inasaidia kidogo, ila inataka kama nusu saa ianze kazi. Kunywa, lala dakika 20, ndipo uendelee. Muziki na dirisha wazi havisaidii. Ukijikuta hukumbuki kijiji ulichopita sasa hivi, tayari umesinzia.

Goti linalouma ni jambo dogo lakini linatajwa sana. Halina uhusiano na uzee. Ni kukanyaga pedali mpaka sakafuni kwa saa nne wakati kifaa kimeshakata na nguvu zako haziongezi kitu. Rudisha mguu mpaka uhisi gari linaanza kupungua, ongeza kidogo, baki hapo.

"Ripoti inasema nilikuwa 130, na nilikuwa nimepaki"

Kifaa cha kufuatilia kilipoteza satelaiti, kwenye banda la mabati au katikati ya makontena, kilipoipata tena kikadhani umeruka. Tukio la namna hii linadumu nukta moja au mbili, na kabla na baada yake spidi ni sifuri. Omba orodha kamili ya nukta, si muhtasari. Lori lenye mzigo haliwezi kutoka sifuri mpaka 130 kwa sekunde kumi, na mtu yeyote ofisini aliyewahi kupanda lori analijua hilo.

"Sili imekatika"

Zipo njia mbili tu. Ama ilikatika yenyewe, kwa mtikisiko au kwa fundi wa redio aliyepita na koleo, ama kuna mtu aliikata. Trafiki hana namna ya kuzitofautisha, na ajali ikitokea kampuni ya bima haitaki kuzitofautisha. Kwa hiyo ukiiona imekatika, toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa simu, ili saa na tarehe zibaki. Usiifunge kwa waya au supaglu. Usikubali pia kupokea gari kutoka kwa dereva mwenzako bila kuangalia chini ya dashibodi, hata kama ni rafiki yako. Gari likishaingia mkononi mwako, waya iliyokatwa mwezi uliopita ni yako. Cheti cha upimaji kikae kwenye gari pamoja na kadi. Piga picha ya sili siku inapofungwa, namba yake isomeke, na piga nyingine kila gari linapotoka gereji, hata kama liliingia kwa ajili ya taa tu.